Pikapu Tatu Dirishani kwa Bimdogo

Bimdogo alikuwa amebakisha siku thelathini na moja za eda alipotakiwa achague pikapu. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi baada ya mumewe kufa. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Na kuchagua gari, hata kwa mtu aliye huru kwenda atakako, ni kazi ya kuzunguka, kupiga matairi mateke na kulala chali chini ya injini. Yeye alikuwa na dirisha. Basi.

Dirisha lenyewe liko ghorofani, Mji wa Kale, juu ya kichochoro kinachotoka Ndia Kuu na kupinda mara moja tu, penye kona ya Jamaldin fundi cherehani. Chini ya dirisha ni mlango wa ghala, na ndani ya ghala ndimo ilimo riziki ya nyumba: masufuria ya shughuli, makubwa kwa madogo, lile kubwa kuliko yote likimeza kilo hamsini za mchele na mfuniko wake ukitaka watu wawili kuuinua. Mwenye harusi Bondeni, mwenye hitima Majengo, mwenye maulidi mtaa wa pili, wote huja kwa Bimdogo kukodi vyombo. Yeye huwapokea juu, huwapa kahawa, huandika nani ataka nini na lini. Kuyapeleka masufuria na kuyarudisha ilikuwa kazi ya mumewe, Zein, na pikapu yake, na Chirau, Mdigo aliyefanya kazi naye miaka ishirini na miwili akipakia naye, akipakua naye na kubishana naye.

Ubishi ulikuwa mmoja tu, hawakuwahi kuubadilisha. Zein alikuwa mtu wa Toyota na Chirau mtu wa Isuzu. Wengine hugombana kwa timu za mpira. Barazani kwao watu walikuwa wakigawanyika kwa pikapu, na mtu mzima aliyehiji mara mbili angeweza kununa wiki nzima kwa sababu ya springi za nyuma. Zein alisema Hilux yake yaijua ndia hata yeye akisinzia. Chirau alisema Isuzu ikipakiwa ndipo inapofurahi. Zein alikuwa akiufunga mjadala kwa maneno yaleyale kila siku, kikombe cha kahawa mkononi.

"Chirau, nisikiza. Siku mtakayoiona Isuzu mlangoni kwangu, jueni mwenyewe sipo."

Baraza zima likacheka. Bimdogo naye, juu, nyuma ya dirisha, akacheka peke yake, maana alijua yanakuja na bado yalimchekesha.

Hilux yenyewe ilikuwa nyeupe, ya dizeli, ya mwaka tisini na nane, na ilikuwa imefika umri wa kupumzishwa. Chumvi ya bahari haina huruma na chuma cha mtu yeyote, na mwaka jana Chirau alipitisha kidole kwenye chesisi kikatokea upande wa pili. Zein akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, akarudi nyumbani kwa miguu, na siku hiyo hakula chakula cha mchana. Tangu hapo akawa mtu wa kukusanya karatasi za matangazo ya magari. Alizisoma akinywa chai, akazisoma akisubiri adhana, na kila akikaribia kuamua akapata sababu ya kungoja kidogo. Ijumaa moja ya Mfungo Sita, kabla ya maulidi, baada ya sala ya alasiri, alikaa barazani akaweka mkono kifuani, akamwambia Chirau, "Nishike." Ndilo neno lake la mwisho.

Karatasi zile Bimdogo alizikuta chini ya godoro wiki ya tatu ya eda. Zilikuwa tatu. Kwenye ya Landkruza Zein alikuwa ameandika kwa penseli, "Inshallah." Kwenye ya Hilux aliandika, "Nyumbani." Ya tatu ilikuwa imekunjwa mara nne, imefichwa ndani ya nyingine. Ilikuwa ya Isuzu. Pembeni palikuwa na alama ya kuuliza, na chini yake, kwa herufi ndogo za mtu mwenye hatia: "Chirau asiione hii."

Bimdogo alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akashindwa kuacha, kisha hakuwa akicheka tena. Karatasi akaikunja ilivyokuwa, akaitia ndani ya msahafu wake.

Sasa Shaabani ilikuwa inakaribia, na Shaabani Mombasa ni mwezi wa harusi. Kila mwenye binti ataka amalize kabla ya Ramadhani. Bimdogo alikuwa na harusi kumi na moja kwenye daftari. Tangu Hilux iuzwe walikuwa wakipeleka vyombo kwa mikokoteni na tuktuk za kukodi, na masufuria yakirudi yamebonyea. Wiki ile lile kubwa lilikuwa limeanguka kutoka mkokotenini, likateremka barabara ya Bondeni likiviringika na watu wakiliachia njia. Mama wa bibi harusi mmoja alikuja mwenyewe kuzungumza, kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliotisha. Alisema yeye ampenda Bimdogo, ila akifika Shaabani hana gari, itabidi awatazame watu wa Majengo. Alipoondoka, Bimdogo alimwita mwanawe, Fahmi.

Fahmi ana miaka ishirini na saba, ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na hapendi ubishi wa magari hata chembe. Alimwambia mamake achague, yeye ataleta.

"Nizilete hapa uzione, mama. Wauzaji watakubali tuzijaribu nikiwaeleza hali yako."

"Zilete," alisema Bimdogo. "Sitaki kuziona. Nnataka kuzisikia."

Fahmi alifikiri mamake anazungumzia injini, kama fundi. Hakumwelewa, na haikuwa kosa lake. Hakuwahi kuishi nyuma ya dirisha lile.

Kwa miaka ishirini na minne Bimdogo alikuwa akimjua mumewe anarudi kabla hajamwona. Hilux iliingia kichochoroni kwa gia ya kwanza, ikinguruma chini chini, na ilipofika kona ya Jamaldin ikanyamaza kidogo. Hapo Zein alikuwa akitoa mkono na kukunja kioo cha pembeni, maana kisipokunjwa gari halipiti, na mara nyingi alisahau, na ukuta wa Jamaldin una mfuo mrefu wa kioo kile, mweupe, umezama ndani ya chokaa kiasi cha kidole. Kisha mngurumo ukaanza tena, ukakohoa mara mbili, ukaja. Kutoka kona mpaka mlangoni ulikuwa muda wa kuzima jiko, kuvuta ufunguo wa ghala msumarini, kuutia kikapuni na kukishusha kikapu kwa kamba dirishani. Kila nyumba ya ghorofa pale ina kikapu chake cha kushushia: pesa hushuka, mahamri hupanda. Kwao kilishusha ufunguo. Zein akiupokea alivuta kamba mara mbili, taratibu. Hakuita wala hakupiga honi. Alivuta mara mbili tu, na Bimdogo huko juu aliihisi mivuto ile mpaka begani, akajua kwamba amefika salama na kwamba ana njaa.

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka. Hakumwambia mtu, kwa sababu angeambiwa ana wazimu, na pengine alikuwa nao. Alikuwa na hamu na mumewe kwa namna ambayo hata dua haikuituliza. Alikuwa akikaa dirishani saa zile za alasiri, mkono juu ya kamba, akisikiliza pikipiki za watu, akisikiliza watalii wakipotea njia ya kurudi Ngomeni, na moyo ukijidanganya kwa kila kitu kilichonguruma.

Ya kwanza kuja ilikuwa Landkruza, Jumanne asubuhi, mpya, na Fahmi akiwa amekaa ndani na dereva wa duka. Mtaa mzima ulijua imekuja. Sauti yake ilikuwa nzito, ya gari linalojua thamani yake, na Bimdogo aliisikia ikiingia kutoka Ndia Kuu akasimama. Kisha ikafika kona. Ikakata, ikarudi nyuma, ikakata tena, ikarudi tena. Jamaldin akatoka dukani na futi yake ya kupimia shingoni akasimama kuulinda ukuta wake kwa mwili. Mara ya nne dereva alizima injini. Gari halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la wazee waliojenga mji wakiwafikiria punda.

"Itakaa Ndia Kuu, mama," alisema Fahmi alipopanda juu, jasho likimtoka. "Tutabeba vyombo kwa mkono mpaka pale. Baba aliipenda ino."

"Aliipenda kwenye karatasi."

"Injini yake umeisikia lakini?"

"Nimeisikia. Ni nzuri. Haikufika."

Isuzu ilikuja Alhamisi, na aliyeiendesha ni Chirau mwenyewe. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuileta kama mtu anayeposa. Bimdogo alikuwa dirishani, kamba mkononi, akingoja kusikia. Alingoja. Akasikia cherehani ya Jamaldin, akasikia paka. Kisha akasikia mlango wa gari ukifungwa, hapo hapo chini yake, na sauti ya Chirau.

"Hodi hapo. Assalaam aleikum, Mama Fahmi. Sabalkheri."

"Waaleikum salaam, Chirau. Sabalkheri." Alizungumza kutoka nyuma ya ubao wa dirisha. "Yuko wapi huyo mgeni wako?"

"Huyu hapa. Tumefika."

"Mbona sikusikia?"

"Ndivyo ilivyo, Mama Fahmi. Haina makelele." Chirau alikuwa na fahari, na aliionea haya fahari yake. Akakohoa. "Vioo nimevikunja vyote viwili. Imepita kona kwa kidole hivi. Na nyuma yaenea sufuria kubwa na mfuniko wake."

"Nimekusikia."

"Sisemi kitu mimi. Nimeileta tu. Mwenyewe alikuwa na maneno yake juu ya Isuzu, nami siwezi kuyavuka."

Gari linalofika bila kutanguliwa na sauti yake, Bimdogo aliliona kama mtu aingiaye nyumbani bila hodi. Alimshukuru Chirau, akamwombea dua, akarudi ndani akakaa. Fahmi alipotoka kazini alimkuta pale pale.

"Mama, Shaabani yaja. Wataka nini hasa?"

Akamwambia. Si yote, alimwambia nusu, ile nusu ambayo mama anaweza kumwambia mwanawe wa kiume.

"Nitafutie kama ile ya babako. Ileile."

Fahmi alimtazama, na kitu usoni mwake kikalainika. Siku tisa alipiga simu Kilifi, akapiga simu Voi, akaomba ruhusa kazini akaenda Ukunda kurudi bure, na mwishowe akaipata Mariakani, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiitunza kuliko nyumba yake. Nyeupe, dizeli, tisini na nane. Mariakani iko mbali na bahari, na chesisi yake ilikuwa nzima. Chirau aliikagua chini na juu. Ilimuuma kidogo kukiri, lakini alikiri kwamba ni gari zuri na lingewafaa miaka mingine kumi.

Hawakumwambia Bimdogo siku. Fahmi alitaka amfurahishe mamake, na ndilo kosa alilolifanya, kosa la mapenzi matupu. Walikuja saa kumi na nusu alasiri, saa ileile ya Zein. Chirau ndiye aliyeshika usukani, kwa kuwa aliijua kona.

Bimdogo alikuwa jikoni, amechemsha chai ya tangawizi. Ikaingia kichochoroni kwa gia ya kwanza, ikinguruma chini chini. Akazima jiko. Kwenye kona ikanyamaza kidogo, maana Chirau alitoa mkono kukunja kioo, vile alivyozoea kumwona mwenzake akifanya. Mkono wa Bimdogo ulikuwa umeshavuta ufunguo msumarini. Mngurumo ukaanza tena, ukakohoa mara mbili, ukaja, na kikapu kilikuwa kimeshatoka dirishani, kinashuka, na uso wake, Mungu amsamehe, ulikuwa unatabasamu, na alikuwa akifikiria samaki wa mchana kwamba amebaki kipande cha mkia, anachokipenda Zein.

Kamba ikafika mwisho wake. Injini ikazimwa. Akangoja mivuto miwili.

Chini, Chirau alikuwa ameshuka na kikapu kiko mbele ya kifua chake, ufunguo ndani. Miaka ishirini na miwili alikuwa akikiona kikapu kile kikipokewa na mtu mwingine. Alielewa kilichotokea kabla Fahmi hajafungua mlango wake. Mikono akaiweka nyuma. Hakukigusa kikapu, wala hakuthubutu kutazama juu, na kikapu kikawa kinaning'inia tu, kikijizungusha polepole kwenye kamba.

Bimdogo alishika kamba muda mrefu kuliko uliohitajika. Ilikuwa nyepesi. Hakuna aliyeivuta. Hapo mkono wake ukajua, na baada ya mkono yeye mwenyewe akajua, kwamba gari lile likikaa, mambo yatakuwa hivi. Kila siku ya Mungu, alasiri, mumewe atakuja, na kila siku atashuka mtu mwingine. Zein atakufa kila alasiri saa kumi na nusu, na yeye atakuwa amezima jiko.

Fahmi alipanda ngazi mbili mbili. Alimkuta mamake amekaa sakafuni chini ya dirisha, kamba bado mkononi, akilia bila kujificha.

"Mama. Ni ileile. Nimeitafuta mpaka nimeipata."

"Nimeisikia, mwanangu. Allah akulipe. Ni ileile kabisa."

"Basi?"

"Irudishe."

Fahmi akakaa naye chini. Hakukasirika; alichoka tu, na alikuwa na hamu na babake yeye pia, ingawa hakuna aliyemuuliza tangu msiba. Aliegemeza kichwa begani kwa mamake, jambo ambalo hakulifanya tangu ana miaka kumi. Wakakaa hivyo mpaka chini Chirau aliposikika akimweleza Jamaldin, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna kitu, mama yuwapumzika.

"Nnaitaka ile ya Chirau," alisema Bimdogo.

"Isuzu?" Fahmi aliinua kichwa. "Mama, waijua kauli ya baba, kwamba siku ya Isuzu mlangoni mwenyewe hayupo. Mji mzima waijua."

"Nnaijua. Alikuwa akiisema na mimi nilikuwapo hapa, nikicheka." Akaivuta kamba juu, pole pole, mpaka kikapu kikaingia dirishani na ufunguo wake. "Nnaijua neno kwa neno. Ndiyo maana nnaitaka."

Eda ilikwisha Jumatano, katikati ya Rajabu. Wanawake wa mtaa walikuja alfajiri, wakamwogesha kwa nia, wakamvika, wakamfukiza udi, wakamwombea. Ilipopambazuka vizuri walikwenda zao, na Bimdogo akabaki na nyumba. Alikuwa akijifunga buibui mbele ya kioo aliposikia mlango wa gari ukifungwa chini. Kabla ya hapo hakuwa amesikia chochote.

"Hodi, Mama Fahmi. Assalaam aleikum. Sabalkheri."

"Waaleikum salaam. Ngoja nije."

Kikapu kilikuwa msumarini. Alikipita. Akachukua ufunguo, akafungua msahafu akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akashuka ngazi ambazo hakuwa amezishuka tangu Mfungo Sita. Magoti yalimuuma. Alipofungua mlango wa nje, mwanga ulimpiga akasimama kizingitini.

Chirau alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na kazi yenyewe ni kupakia masufuria. Bimdogo alimpa ufunguo mkononi, kisha akampa karatasi.

"Hii ni yako. Mwenyewe alikuficha."

Chirau aliifungua. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye yale maandishi ya penseli alitoa kicheko kimoja kifupi, kisha akageuka akashika ukingo wa nyuma ya pikapu kwa mikono miwili, mgongo wake ukielekea mlangoni, na Bimdogo akamwacha.

Akaitazama. Ilikuwa ya kijivu. Ilikijaza kichochoro kutoka ukuta hadi ukuta, mlangoni kabisa, mahali pale pale. Kule nyuma yake aliona kona ya Jamaldin na ule mfuo mweupe wa kioo, na karibu shubiri moja juu yake mfuo mwingine, mpya, mwembamba. Chirau alikuwa amesahau kukunja.

"Haya, Zein," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayemjibu mtu chumba cha pili. "Nimejua."

Kisha akamwambia Chirau waanze na sufuria kubwa, na akaenda yeye mwenyewe kushika mfuniko upande wa pili.